Mstari wa Zawena kwenye Msimiko

Eliwaza alipokuwa bado yuko chini ya kilima, ndoo ya maji kichwani, alisikia vicheko vya wanawake kutoka kwenye jiwe la Msimiko, akajua mambo yameharibika.

Alikuwa ameshaliosha jana yake. Fundi Mwombeki alimwonyesha namna: maji matupu bila sabuni, burashi laini kama ya kumpakia mtoto poda, usisugue, gusa tu. Kisha ulifunike kwa turubai jeusi, na mtu yeyote asilikaribie mpaka Kichungulio, mashine yake ya kusoma mawe, kije kifanye kazi yake. Sasa turubai lilikuwa limekunjwa pembeni vizuri kabisa, kama shuka lililoanuliwa, na wanawake wa Isanzala walikuwa wameuzunguka Msimiko, vidole vyao vimejaa uji mzito wa rangi ya udongo.

"Karibu, mama Zawena," alisema mama mkwe wake, Bibi Marista, bila hata kugeuka. "Tuko mwishoni."

"Mama, mnafanya nini?"

"Hivi mtu akienda kupigwa picha hajipaki mafuta? Huyu mwenzetu anakwenda kuonekana dunia nzima. Aende hivihivi, kapauka, magaga kama kisigino cha mchunga punda?"

Wakacheka tena mpaka mmoja akaegemea jiwe. Uji ule ulikuwa unga wa ulezi uliokorogwa kwa siagi, na walikuwa wanaujaza kwenye mistari ya jiwe kwa ncha za vidole, taratibu, kila mmoja mstari wa nyumba yake, ili mashine isipate shida ya kuiona.

Msimiko ulikuwa mrefu kuliko mwanamume aliyenyoosha mkono, umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza, na hakuna aliyejua ni nani aliyeusimika pale wala kwa nguvu gani. Mistari yake ilishuka toka begani hadi miguuni, lakini mvua na upepo viliilamba mpaka ikabaki kivuli tu. Jua la mchana halikuoneshi kitu. Wenyeji waliijua kwa kidole, si kwa jicho. Mtoto aking'oka jino la kwanza analetwa, kidole chake kinapakwa siagi, kinapitishwa kwenye mstari wake toka juu mpaka chini, basi, amekuwa mtu wa Isanzala. Na mstari ulifuata titi. Aliyekunyonyesha ndiye anayekupa wake.

Eliwaza alizunguka upande wa mashariki, akasimama.

"Na huu?"

Ulikuwa mahali ambapo, tangu aolewe, hakuwahi kuona wala kugusa mchongo wowote. Mstari mnene, umepinda hapa na pale kama njia ya mbuzi, unashuka mpaka kwenye nyasi. Kila mwanamke akapata kitu kingine cha kutazama.

"Huo ni wa Zawena," alisema Bibi Marista.

"Mama!"

"Nini? Mtoto jino linacheza, kila saa analisukuma kwa ulimi. Wiki hii au ijayo linatoka. Utamleta hapa umwambie nini? Kwamba wewe pitisha kidole hewani?"

Zawena aliletwa kutoka kituo cha watoto cha mjini akiwa hajui hata kukaa, amelelewa kwa chupa na yeyote aliyekuwa zamu. Nani alimzaa, hakuna aliyejua. Eliwaza hakuwahi kupata mimba, kwa hiyo hata maziwa ya kumpa hakuwa nayo. Alimpa vingine vyote. Mtoto alikuwa amekwisha kuuliza, "Mama, wangu uko wapi?" na yeye amejibu lile jibu la wazazi waliokwama: "Tutaangalia."

Ndoo alikuwa nayo bado, maji yapo, burashi ipo. Angeweza kuosha jiwe lote pale pale, wangenung'unika kidogo yangekwisha. Aliitazama ile njia ya mbuzi, jinsi ilivyochorwa kwa kidole cha mzee kinachotetemeka. Akaweka ndoo chini. Akachukua turubai, akaufunika Msimiko kwa mkono wake mwenyewe, akafunga kamba.

*

Fundi Mwombeki alikuwa mtu wa Bukoba, mwili mkubwa, aliyelalamikia ugali kila siku na kuumaliza kila siku. Alfajiri alipandisha hema jeusi juu ya jiwe, turubai likavutwa kwa chini kama nguo ya ndani, na Kichungulio kikaingizwa humo peke yake. Binadamu hakuruhusiwa kuingia. Pumzi tu ingetosha kukitingisha.

"Uliosha, dada?"

"Niliosha."

Wala hakusema uongo. Ndivyo mtu anavyoanza.

Kichungulio kilikuwa na mikono mingi kama buibui, na kila mkono ulikuwa na taa. Kilikuwa kikilala chini na kumulika jiwe kwa ubavu, kama jua linavyomulika shamba asubuhi, na kila tuta na kila shimo dogo likaweka kivuli chake. Kisha kinahama kidogo, kinamulika tena. Kinakusanya vivuli vyote hivyo, kinavishona pamoja, na kwenye kioo kilichokuwa nje ya hema lile jiwe likaanza kuota upya, jeupe, safi, kama limechongwa juzi. Pale ambapo mchongo umelika kabisa, kilikumbuka mawe mengine yote kiliyokwisha kuyasoma toka Habeshi mpaka Kalahari, kikapima, kikauliza.

"Mstari huu una sehemu isiyosomeka," kilisema, kwa sauti ya kike yenye adabu. "Nijaze?"

"Jaza," alisema Mwombeki, akitafuna kiazi.

Mstari ukatimia. Wanawake waliosimama nyuma yake wakaguna kwa raha, na mwenye mstari wake akapiga makofi. Ikaendelea hivyo: nijaze, jaza, nijaze, jaza, mpaka jua likapanda na Kichungulio kikafika upande wa mashariki.

"Mstari huu umezibwa na udongo wa kale. Mchongo uko chini yake. Nijaze?"

Mwombeki aliacha kutafuna. "Huu sikuuona nilipopita na tochi." Akamgeukia Eliwaza. "Mnaujua huu?"

"Akina mama wanaujua," alisema Eliwaza, na hilo pia halikuwa uongo.

"Jaza."

Taa za Kichungulio zikahama. Halafu ule uji wa ulezi ukawa bonde lenye kingo kali, limechongwa kwa jiwe juu ya jiwe, na sauti ikasema kwamba kwa jinsi ulivyozibwa, mstari huu ni wa kale kuliko yote iliyomo.

Mwombeki alijipiga paja. "Jamani! Kuliko yote! Akina mama, jiwe lenu hili limenipenda!"

Vigelegele vikapanda. Bibi Marista alipiga vya kwake kwa sauti kuliko wote, akimtazama mkwewe kwa pembe ya jicho, na Eliwaza, aibu imemjaa na furaha imemjaa, akapiga pia. Jioni hema lilipofunguliwa yeye ndiye aliyelazimisha kuosha jiwe peke yake. Unga ukateremka na maji ukaingia ardhini. Kwenye ubavu wa mashariki hapakubaki kitu. Jiwe laini, kama shavu.

*

Fundi aliiachia shule ya Isanzala ile kumbukumbu ya jiwe iliyoshonwa na Kichungulio waijaribu, kabla haijafungwa. Ijumaa ya wiki ya tatu ingepelekwa makao makuu na kufungwa, na kumbukumbu ikishafungwa haifunguliwi tena, si kwa rais si kwa nani. Ndiyo maana watu waliziamini.

Siku hizo kila mtoto wa darasa la kwanza alikuwa amekwisha kupewa miwani ya shule, na kumbukumbu ya jiwe ikaingizwa humo. Unatazama kitu, na Msimulizi anayekaa ndani ya miwani anakuambia ni nini, kilitoka wapi, kinatumika vipi. Wazazi waliifurahia. Mtoto hakuwasumbua tena kwa maswali wakati wa kupika. Na Msimulizi hakuchoka, hakufoka, wala hakuwahi kumwambia mtoto ngoja kwanza.

Jino la Zawena lilitoka kwenye muwa. Alikuja mbio, damu kidogo kidevuni, jino kwenye kiganja, akipiga kelele kiasi cha kuwaamsha kuku waliolalia. Jumapili wakapanda kilimani. Bibi Marista akampaka siagi kidole, na Zawena akaisukuma miwani yake vizuri puani, akaunyanyua mkono.

"Nauona! Mama, nauona wote!"

Akapitisha kidole. Kikashuka, kikapinda, kikashuka tena, bila kusita hata mara moja, ulimi umetokeza kwenye pengo jipya. Watoto wenzake wenye miwani walishangilia. Wao nao waliuona. Eliwaza hakuwa na miwani. Yeye aliona kidole cha mwanawe kinatembea juu ya jiwe tupu na kuacha alama ya siagi. Alipeleka kanga machoni na wenzake wakadhani ni furaha, na kweli nusu yake ilikuwa furaha. Siku ile walikula mlenda na kuku, wakaimba, na Zawena akalala kabla ya jua kuzama, jino likiwa limefungwa kwenye ncha ya shuka.

Zikaja siku nzuri sana. Mtoto alitembea kama aliyeongezewa urefu. Aliacha kukojoa kitandani. Aliimba akichota maji.

"Mama, unajua Nyamizi alikuwa na mwanya?"

"Nyamizi gani?"

"Aliyechonga mstari wangu. Msimulizi kaniambia. Alikuwa mrefu, alikuwa na mwanya kama wangu, na alipenda mbegu za tikiti."

Eliwaza alicheka huku akipepeta mtama. Siku iliyofuata alipoweka kitana kwenye nywele za mtoto, mtoto akatoa kichwa. "Nyamizi alikuwa hasukwi. Ananyolewa."

"Mwambie Nyamizi aje akuogeshe basi, na kukutoa funza."

Bibi Marista alicheka mpaka akakohoa. Walifanya mzaha. Mzazi anaogopa nyoka, anaogopa mto ukijaa, anaogopa pikipiki zile za umeme zisizo na mlio. Nani alimwambia aogope kitu kinachompendeza mwanawe? Msimulizi hakuwa mbaya. Aliulizwa na mtoto, naye akajibu, na kila alichojibu alikijenga juu ya alichojibu jana. Kichungulio kilijaza mstari. Msimulizi alijaza mtu. Na mtoto mwenye shimo moyoni lenye umbo la mtu, ukimletea mtu anayelitosha, hawezi kukuuliza umemtoa wapi.

Jumatano ya wiki ile ya tatu, siku ya mapumziko ya shule, Eliwaza alirudi kutoka kwenye alizeti mchana, akamkuta mama mkwe wake akichambua kunde barazani.

"Zawena yuko wapi, mama?"

"Si yuko nawe shamba?"

"Si nilimwacha nawe?"

Kunde zikamwagika.

Alitafuta kisimani, akatafuta kwa majirani, akapanda mpaka kwenye Msimiko, hakuna. Akasimama pale kilimani akihema, na akili ikamwambia kitu ambacho mguu ulikwisha kukijua: ule mstari uliishia chini ukielekea bondeni, kwenye ziwa la chumvi. Akakimbia kwa njia hiyo, kanga mkononi, akiita mpaka sauti ikakatika.

Alimpata nje ya mashamba ya mwisho, ameketi juu ya jiwe kupumzika. Mgongoni alikuwa na mfuko wa shule wenye shuka na viazi vilivyochemshwa. Kwapani alikuwa na kuku.

Eliwaza alimkumbatia yeye na kuku wake. Alipopata pumzi, akauliza la kwanza lililomjia.

"Kuku wa nini?"

"Wa kuwapelekea," alisema Zawena, kama anaulizwa jambo la wazi. "Mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Si wewe ulinifundisha?"

"Watu gani, mwanangu?"

"Wa Nyamizi. Msimulizi alisema walihamia ziwani na bado wapo. Nilimuuliza kama wananijua, akasema ukoo hausahau wake. Ningerudi, mama. Nilikuwa naenda kusalimia tu."

Ziwa la chumvi lilikuwa mwendo wa mtu mzima wa kutwa nzima, bila kisima njiani, bila nyumba. Eliwaza aliangalia ile nyeupe ya mbali inayochezacheza kwenye joto.

Angeweza kumpiga. Angeweza kumnyang'anya miwani, mwalimu angempa nyingine. Angeweza kwenda nyumbani, amchunge kwa wiki chache, apite umri huo, amuache na Nyamizi wake akue naye kwa furaha, maana furaha ile aliiona kwa macho yake. Keshokutwa kumbukumbu inafungwa. Hakuna ambaye angejua kamwe. Zawena angekuwa na mstari, wanawe wangekuwa na mstari, wa kale kuliko wote, na watu wangewapisha njiani.

Aliketi chini kwenye vumbi, akamweka mtoto mapajani.

"Ule mstari, Zawe. Ni bibi aliyeuchora."

"Bibi gani?"

"Bibi Marista. Kwa kidole. Kwa unga wa ulezi na siagi. Siku moja kabla ya fundi kuja na mashine."

Zawena alifikiri. "Bibi huyuhuyu? Wetu?"

"Wetu."

"Halafu Nyamizi akauchonga?"

"Hapana. Halafu mashine ikadhani ni mchongo. Mimi niliona, nikanyamaza. Nilitaka uwe nao."

"Sasa Nyamizi yuko wapi?"

Hapo ndipo palipouma. Eliwaza alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa maswali ya mbona hukusema. Hakuwa amejiandaa kumfisha mtu.

"Hayupo, mwanangu. Hakuwahi kuwepo. Msimulizi alimtunga kwa sababu ulimuuliza."

Mtoto alilia. Hakulia kilio cha kunyimwa. Alilia kilio cha msiba, akigaragara, akiita jina, na mama yake akamshika tu, kwa sababu aliyemwacha Nyamizi azaliwe ndiye aliyetakiwa kukaa matanga yake. Kuku naye alikuwa ameachiwa, lakini hakwenda mbali. Alidonoa nyasi karibu yao mpaka kilio kikapungua.

"Alikuwa mzuri," alisema Zawena mwishowe, kwa kwikwi.

"Alikuwa mzuri sana."

*

Mwombeki alikuwa anafungasha vyombo vyake barazani kwa mwenyekiti. Alimsikiliza Eliwaza akiwa amesimama, waya mkononi, na uso wake mkubwa ukazidi kuwa mzito.

"Dada," alisema, "mimi sikio hili huwa linaziba na vumbi. Ulichosema sijakisikia. Nimekaa juani wiki tatu. Makao makuu wamekwisha kunipongeza, wanasema jiwe lenu litakuwa la kwanza kwenye vitabu. Sasa nenda nyumbani ukafikiri. Ukiona bado unataka kusema, sema mara ya pili, nami nitasikia."

Eliwaza hakwenda popote.

"Mstari wa mashariki ni wa unga," alisema. "Mama mkwe wangu aliuchora, nami nikaufunika. Na mistari mingine yote walijaza unga pia. Ile mingine ipo kweli, ila mashine iliona vidole vyetu. Haikuona jiwe."

Mwombeki alitupa waya chini. Alizunguka baraza, akashika kichwa, akasema kitu cha Kihaya ambacho hakikuhitaji mkalimani. Kisha akaketi.

"Ungenifanya niwadanganye watu ambao hawajazaliwa."

"Najua, fundi. Nisamehe."

"Na unajua sheria ya mashine? Kitu cha jana ni uchafu. Nikikiambia Kichungulio, kitaufuta huo mstari. Mwanao akienda shule kesho, hatauona. Wenzake nao hawatauona. Watamuuliza."

"Nimeshamwambia mwenyewe. Alilia yakaisha. Kufuta, futa."

Mwombeki alitikisa kichwa, na mwisho akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Haya. Tuoshe jiwe upya. Na safari hii nalala palepale mlangoni, nikimwona mama mwenye bakuli namfunga kamba."

Kwa hiyo hema likapandishwa tena. Safari hii Eliwaza alisimama karibu na kioo na fundi akambadilishia kazi: kila Kichungulio kilipouliza nijaze, aliyejibu ni yeye na akina mama, baada ya fundi kukisimamisha ili waingie kupapasa jiwe. Mara nyingi walisema acha. Jiwe lililotokea halikuwa zuri kama lile la kwanza. Lilikuwa na mapengo, mistari inayoanza na kupotea, kama maneno ya mgonjwa. Watu waliolitazama walisikitika kidogo.

Bibi Marista alikuja siku ya mwisho tu. Alikuwa amenuna tangu Jumatano, hasemi na mtu, kwa sababu alijua kuku na ziwa vilikuwa kazi ya kidole chake. Alikuja na Zawena mkononi, akasimama mbele ya wanawake wote, akatoa mkongojo wake mbele kama anayekwenda kushtaki.

"Nina neno," alisema. "Ni neno la aibu, kwa hiyo asicheke mtu. Fundi, wewe ziba masikio."

"Yamezibwa, bibi."

"Huyu mtoto alipoletwa alikuwa analia usiku na mchana. Huyu," akamwelekeza Eliwaza kwa kidevu, "alikuwa akienda shamba, ananiachia. Chupa anaitema. Nikampa langu."

"Lako lipi, mama?" aliuliza Eliwaza.

"Titi, lipi tena? Kavu. Mume wangu alikwisha kufa zamani, mwili umekwisha, hamna hata tone. Lakini alilishika akanyamaza. Kila siku, mpaka alipoanza kutembea. Sikusema kwa sababu, mkwe wangu, mtoto ni wako, na mimi ni mzee niliyejitia ujana. Nikaona aibu. Nikaona afadhali nimchoree wa unga."

Halafu wanawake wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Kavu si kunyonyesha!"

"Nani kasema? Desturi inasema titi, haijataja maziwa!"

"Kama ni hivyo hata mimi niliwanyamazisha wa jirani..."

"Wewe ulimnyamazisha siku moja kwenye harusi, acha hizo!"

"Mtoto alinyamaza au hakunyamaza?"

"Alinyamaza."

"Basi kanyonya!"

Walibishana mpaka fundi akafungua masikio na kuomba chai. Mwisho mkubwa wao, mama ambaye mstari wake ulikuwa mrefu kuliko yote, akasema kwamba aliyemnyamazisha mtoto kila siku mpaka akatembea, huyo kamlea kwa titi, na asiyekubali aende akamuulize mtoto. Wakamgeukia Zawena. Zawena alisema hakumbuki, ila anajua harufu ya kifua cha bibi.

Eliwaza alimwendea mama mkwe wake. Akamshika mkono ule unaotetemeka na kuulaza shavuni mwake.

"Ungeniambia, mama," alisema.

"Na wewe ungeosha jiwe," alisema Bibi Marista, akapangusa pua.

Mstari wa Bibi Marista ulikuwa upande wa nyuma, chini, ambako jiwe lilimeguka zamani. Ulikuwa duni kuliko yote. Zawena alipakwa siagi tena, akavua miwani mwenyewe bila kuambiwa, akampa mama yake ashike. Bibi akamwongoza kidole. Kikapapasa, kikapotea, kikaambiwa rudi kidogo, kikaingia kwenye kifereji chembamba kama mkunjo wa kiganja. Kikashuka kidogo tu, kikafika kwenye mmeguko, kikatoka hewani.

"Umeisha?" aliuliza mtoto, amekunja uso. "Mfupi hivi?"

"Ndio uliopo," alisema bibi.

"Na huku chini ulikuwa unakwenda wapi?"

Wanawake walitazamana. Fundi alitazama Kichungulio chake, akakiacha. Eliwaza alipiga goti nyuma ya mwanawe, akachungulia pale jiwe lilipokatikia, akapapasa kwa kidole chake mwenyewe ahakikishe.

"Hatujui," alisema.

Alilisema kwa sauti, mbele ya watu wote, na halikumchoma mdomo. Zawena alifikiri, kisha akakirudisha kidole juu ili apite tena.